Kasia si mali ya matajiri: fundisho la Jack Kelly kwa vijana wa Katuba

Ukisimama leo katikati ya Katuba na kusema kwamba kijana wa komini yetu anaweza kuwa bingwa wa kupiga makasia, watu watacheka. Watakuuliza atapiga makasia wapi, wakati mama zetu wanazunguka na mabidoni wakitafuta maji ya kupikia bukari. Kicheko hicho nakielewa. Lakini naona kinaficha jambo zito zaidi: tumekubali kwamba kuna michezo ya watu wa namna fulani, na sisi watoto wa wafanyakazi tumeachiwa mpira wa miguu peke yake, tena kwa kuutazama.

Mimi sikubaliani na hilo. Na mtu atakayenisaidia kueleza sababu hakuzaliwa Afrika. Alikuwa fundi wa kujenga nyumba, mpanga matofali, na alikataliwa kushindana kwa sababu, pamoja na mambo mengine, alikuwa amefanya kazi kwa mikono yake.

Anaitwa John B. Kelly, lakini watu walizoea kumwita Jack. Alizaliwa mwaka 1889 huko Philadelphia, Marekani, mmoja wa watoto 10 wa familia iliyotoka Ireland kutafuta maisha. Alianza kazi akiwa kijana, akajifunza kupanga matofali, na baada ya kazi alikuwa anateremka kwenye mto Schuylkill unaopita katika mji ule, anaingia katika mashua nyembamba na kupiga makasia. Hakulipwa kwa kufanya hivyo. Alikuwa mwanamichezo wa ridhaa, yaani amatere kama tunavyosema huku kwetu. Vita Kuu ya kwanza ilipokuja alivaa nguo za jeshi, na ilipokwisha akarudi kwenye matofali na kwenye mto.

Mwaka 1920, Kelly aliomba kushiriki mashindano ya Henley, Uingereza, ambayo wakati ule yalikuwa na heshima kubwa kuliko mengine yote ya makasia. Maombi yake yalikataliwa. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilihusu klabu yake, Vesper, ambayo Waingereza walikuwa wameifungia mlango tangu mwaka 1906 kwa ajili ya ugomvi wa pesa za safari. Ya pili ndiyo inayotuhusu sisi. Sheria ya Henley, iliyoandikwa katika karne ya 19, ilisema kwamba mtu aliyewahi kuwa fundi, mekanisia au kibarua hawezi kuhesabiwa kuwa amatere.

Soma tena sheria hiyo polepole. Haikusema kwamba mtu aliyelipwa kwa kupiga makasia asishindane. Hilo lingeeleweka. Ilisema mtu aliyelipwa kwa kujenga ukuta, kwa kutengeneza mashini au kwa kubeba mizigo asishindane. Waliojitetea walisema kazi ya mikono inampa mtu nguvu ambazo bwana wa ofisi hana, kwa hiyo mashindano hayatakuwa sawa. Ukweli ni kwamba mabwana hawakutaka kukaa katika mashua pamoja na vibarua, na zaidi ya hapo hawakutaka kushindwa nao.

Kelly hakulia. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, Michezo ya Olimpiki ilifanyika Antwerp, Ubelgiji, na mbio za makasia zikapigwa katika mfereji wa maji karibu na Brussels. Katika fainali ya mtu mmoja alikutana na Jack Beresford, Mwingereza aliyetoka kushinda pale pale Henley, katika shindano lile ambalo Kelly alinyimwa. Kelly alimshinda kwa tofauti ya sekunde moja hivi. Wanasimulia kwamba wote wawili walikuwa wamechoka hata hawakuweza kupeana mikono. Muda mfupi baadaye, siku ile ile, Kelly alirudi majini pamoja na binamu yake Paul Costello, wakashinda na mbio za watu wawili. Mwaka 1924, huko Paris, wawili hao wakashinda tena. Jumla ni medali 3 za dhahabu kwa mtu ambaye hakustahili kuitwa amatere.

Brussels na Elisabethville

Kuna jambo ambalo sisi wa Lubumbashi hatuwezi kuliruka. Maji ambayo Kelly alishindia yalikuwa ya nchi iliyokuwa ikitutawala. Miaka ile, hapa Elisabethville, mji uliokuwa na miaka 10 tu tangu kuanzishwa, Union Minière ilikuwa ikileta wanaume kutoka mbali, kutoka Kasai, kutoka upande wa Zambia ya leo, baadaye kutoka Rwanda, ili wachimbe na kuyeyusha shaba. Nao walikuwa watu wa kazi ya mikono. Na wao pia waliwekwa upande wao wa mji, na wazungu upande wao, na michezo ikafuata mpaka huo. Katuba yenyewe ilipangwa na wakoloni baadaye, miaka ya 1950, iwe mahali pa kulala watu weusi wanaofanya kazi mjini.

Mpira wa miguu ulipita katika mpaka huo kwa sababu hauhitaji kitu. Timu tunayoiita leo TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto kwa ajili ya vijana wa shule. Ilianza na watoto, uwanja na mpira, bila mishahara. Ikafika kuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na mwaka 2010 ikacheza fainali ya dunia ya klabu huko Abu Dhabi. Nataja Mazembe kwa heshima, si kwa wivu. Inatuonyesha kwamba mti mkubwa ulikuwa mbegu ya watu wa ridhaa, na kwamba kuna mtu aliyeimwagilia maji. Michezo mingine haijapata wa kuimwagilia.

Sheria ya Henley juu ya kazi ya mikono ilifutwa mwaka 1937, mwaka mmoja baada ya kuleta aibu nyingine: mwaka 1936 timu ya makasia ya Australia ilizuiwa kwa sababu wapiga kasia wake walikuwa mapolisi. Mwaka 1947, mtoto wa Kelly, naye anaitwa John, alikwenda Henley akashinda shindano ambalo baba yake alifungiwa mlango, na mwaka 1949 akalishinda tena. Kelly mzee alikuwa amekwisha kuwa tajiri wa ujenzi, na dada wa kijana huyo, Grace, alikuja kuwa mwigizaji maarufu wa sinema na baadaye mke wa mtawala wa Monaco. Mwisho huo ni mzuri kusimulia. Mimi lakini nabaki na Kelly wa 1920, yule anayefungua barua na kuambiwa kwamba mikono yake ina kosa.

Sheria ambayo haikuandikwa

Hapa Katuba hakuna mtu aliyeandika kwamba fundi asicheze. Lakini tazama namna mambo yanavyokwenda. Kijana anayefanya ngumi, judo, riadha au baiskeli katika komini yetu ni manseba, anaendesha pikipiki kutoka alfajiri. Au ni kwado, anaziba matairi kando ya barabara. Au anauza sokoni, au anachanganya simenti kwenye shantie. Anafika mazoezini jioni akiwa amechoka, na tumbo linamlia. Hana daktari, viatu amekopa, na siku ya mashindano anajilipia usafiri. Akishinda, viongozi wanakuja kupiga naye picha. Akiumia, familia inachanga.

Tunamwita amatere kama vile ni sifa. Lakini tangu zamani neno hilo linataka mtu anayecheza kwa mapenzi, huku kuna kitu kingine kinachomlisha. Bwana wa Henley alikuwa na mashamba ya baba yake. Kelly alikuwa na mshahara wa fundi uliotosha kula na kubaki na nguvu za jioni. Kijana wetu hana kimoja wala kingine. Anacheza bure kwa sababu hakuna anayemlipa, na hilo ni umaskini uliovalishwa jina zuri. Sheria ya Henley ilimfukuza fundi kwa maandishi. Sisi tunamfukuza kwa njaa, na matokeo yanafanana.

Sishangai basi kwamba nchi yetu, kubwa namna hii, yenye watu wengi namna hii, haijapata hata medali moja ya Olimpiki tangu ianze kushiriki. Hata moja. Niger, nchi ya jangwa, inazo: moja ya ngumi mwaka 1972, na nyingine ya taekwondo mwaka 2016.

Yule wa Niger aliyechekwa

Na kwa kuwa nimeitaja Niger, nizungumze juu ya Hamadou Djibo Issaka. Mwaka 2012 huko London alishiriki mbio za makasia za mtu mmoja akiwa na miaka 35. Alikuwa mwogeleaji, na alijifunza kasia miezi michache tu kabla ya michezo. Alipewa nafasi ya bure, ile inayotolewa kwa nchi ndogo ili zisikose kabisa. Katika mbio zake za kwanza alitumia dakika 8 na sekunde 25 kwa metro 2.000, wenzake wakiwa wamefika zamani. Watu waliokuwa kando ya maji walisimama wakamshangilia mpaka mwisho. Magazeti mengine yalimpa majina ya wanyama, na Steve Redgrave, Mwingereza mwenye medali 5 za dhahabu za makasia, alilalamika hadharani kwamba nafasi zile zingepewa wapiga kasia walio bora zaidi.

Nani alikuwa na haki? Naona kila upande ulishika nusu ya ukweli. Hamadou alistahili heshima, kwa sababu alimaliza, na kumaliza metro 2.000 ukiwa peke yako nyuma, mbele ya watu maelfu, kunahitaji moyo. Lakini Redgrave naye aligusa kitu: kumpeleka mtu asiyetayarishwa kwenye mashindano makubwa kuliko yote si zawadi kamili. Ni kumwalika mgeni kwenye karamu bila kumpa kiti. Afrika haihitaji kuhurumiwa siku moja kila miaka minne. Inahitaji mazoezi ya miaka minne yote.

Jirani zetu wameanza kuonyesha njia. Kathleen Noble, aliyezaliwa Uganda kwa wazazi wa Ireland, alikuwa mwogeleaji pia. Kasia alijifunza akiwa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, na mwaka 2021 huko Tokyo akawa mtu wa kwanza kuiwakilisha Uganda katika makasia ya Olimpiki. Mwaka 2024 alirudi Paris. Kenya nayo ilimpeleka Tokyo, katika michezo ya Paralimpiki, Asiya Sururu wa Mombasa, mwanamke aliyepoteza miguu yote miwili na vidole kadhaa katika ajali ya treni akiwa na miaka 2. Alikuwa akicheza tenisi ya kiti cha magurudumu kabla ya kushika kasia. Wote wawili walipata nafasi katika mashindano ya kuchagua ya Afrika, yaliyofanyika Tunis mwaka 2019. Mlango huo uko wazi kwa Kongo pia.

Sasa mtu aniambie: mwanamke asiye na miguu wa Mombasa ameweza, nani ananiambia kwamba mvuvi wa Kasenga hawezi?

Wapiga kasia tunao

Ndiyo, mvuvi wa Kasenga. Kwa miaka mingi samaki wa Luapula na wa ziwa Moero ndio waliolisha mji huu. Kule Kasenga, Kilwa na Pweto kuna wanaume na vijana wanaoamka saa kumi za usiku na kupiga kasia mpaka jua kuwa kali. Bukama na maziwa ya Upemba hivyo hivyo. Kalemie na Moba, kwenye Tanganyika, hivyo hivyo. Kisangani, Wagenia wanajulikana duniani kwa namna wanavyoendesha mitumbwi katika maporomoko. Hawa wote ni wapiga kasia kabla ya mtu yeyote kuwafundisha. Kilichokosekana ni mtu wa kuwapima, kuwapa mashua ya mashindano na kuwaonyesha kwamba ile nguvu yao ya kila siku ina jina katika michezo.

Mtu atasema: hao ni wa kando ya maji, sisi wa Katuba tuko wapi? Jibu lipo. Kuna mashini ya kufanyia mazoezi ya kasia nchi kavu, inaitwa ergometa. Unakaa, unavuta mnyororo, kompyuta ndogo inakupima. Timu zote kubwa za dunia zinaitumia kuchagua watu wao, na tangu mwaka 2018 kuna hata mashindano ya dunia ya mashini hiyo peke yake, ndani ya jumba, bila tone la maji. Marekani inauzwa karibu dola 1.000. Mashini 5 katika sale moja ya parokia au ya shule hapa Katuba zingeweza kupima vijana mamia kwa mwaka mmoja. Atakayeonyesha nguvu apelekwe kwenye maji, na maji yapo: ziwa la Kipopo haliko mbali na mji, na Tshangalele liko upande wa Likasi.

Najua swali litakalofuata. Makuta yatoke wapi? Na je, si aibu kuzungumzia mashua wakati watoto wanasoma wakiwa wamekaa chini?

Swali la kwanza lina jibu katika sheria. Kodi ya migodi ilipangwa upya mwaka 2018: katika malipo ya madini, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya eneo ambamo madini yanachimbwa. Zaidi ya hapo kila kampuni inayochimba inatakiwa kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Haut-Katanga si jimbo maskini. Mara ngapi katika mipango hiyo umeona mstari mmoja kwa michezo isiyo mpira wa miguu? Siombi wachukue ya shule. Naomba wachukue kidogo katika yale ambayo yangeliwa kwenye makaratasi, semina na magari ya viongozi.

Swali la pili ni zito zaidi, na sitalikimbia. Ndiyo, madawati kwanza. Ndiyo, maji ya bomba kwanza. Lakini mazoezi ya kasia yanaanza na kitu kimoja ambacho nchi hii inakihitaji kwa uhai wake: kujua kuogelea. Hakuna kocha anayekubali kumweka mtoto katika mashua ya mashindano kabla hajaweza kuogelea na kujitoa majini. Mwezi wa Oktoba 2024, mashua ikitoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa kando wanaiona. Walikufa watu makumi. Kila mwaka tunaandika habari za namna hiyo kutoka Tanganyika, Kivu, Moero na mto Kongo. Mizigo kupita kiasi, hakuna koti za kuelea, na abiria hawajui kuogelea. Klabu ya makasia Pweto au Kalemie isingetuletea medali tu. Ingeacha katika kila kijiji vijana kumi wanaojua kuokoa mtu.

Ninachoomba

Kwa divisheni ya michezo ya jimbo naomba jambo moja la kuanzia: mbio za mitumbwi za kila mwaka, kwa zamu, Kasenga, Kilwa na Pweto, zenye saa ya kupimia na daftari ya kuandika matokeo. Haziombi vifaa vya ulaya. Mitumbwi ipo, wapiga kasia wapo. Miaka miwili ya matokeo yaliyoandikwa vizuri ingetuonyesha nani ana kipaji, na hapo shirikisho la taifa lingekuwa na majina ya kupeleka Tunis au mahali popote Afrika itakapochagua.

Kwa mabosi wa kampuni, wadogo kwa wakubwa, naomba mruhusu mfanyakazi wenu anayecheza atoke saa moja mapema mara tatu kwa wiki, bila kumkata mshahara. Hiyo ndiyo nguvu aliyokuwa nayo Kelly: kazi iliyomlisha na jioni iliyokuwa yake.

Kwa wazazi wa Katuba, naomba tuache kumwambia mtoto kwamba mchezo ni wa wavivu kama si mpira wenye mkataba. Wengi wetu tumelelewa na baba aliyerudi kutoka kiwandani na mikono migumu. Tunajua mikono hiyo ilibeba nini. Mtoto wa mikono hiyo akitaka kushika kasia, ngumi au baiskeli, tusiwe sisi wa kwanza kumwandikia barua ya Henley.

Na kwa kijana anayesoma haya kwenye simu, akisubiri mteja juu ya pikipiki yake: ukisikia watu wanakuita amatere, uwaulize wanataka kusema nini. Kama wanataka kusema unapenda unachofanya, pokea. Kama wanataka kusema hustahili kula, kutibiwa wala kusafirishwa kama wengine, kataa, na uende na wenzako mpaka ofisi ya komini mkaulize makuta ya michezo ya mwaka huu yamekwenda wapi. Swali hilo ni haki yenu, na lina haki ya kujibiwa kwa maandishi.